Maji Chini ya Beseni

Somo letu lilikuwa na maneno machache, na watoto wa shule za msingi za Kibondo waliyaimba kwenye mchakamchaka: funika, kandamiza, piga simu. Ukimkuta nyoka ndani ya nyumba usimpige. Mfunike kwa ndoo au beseni, weka jiwe juu yake, halafu piga namba iliyo kwenye karatasi tuliyobandika shuleni na kwenye zahanati. Simu yenye namba ile nilikuwa naishika mimi.

Nilikuwa na shahada ya wanyamapori na mwaka mzima wa kuomba kazi bila kujibiwa. Kikundi kilichonichukua kilikuwa kidogo, cha kijamii, cha kuokoa nyoka, kobe, vinyonga na vyura, na kuwafundisha watu wasiwaue. Ofisi kuu ilikuwa Kasulu, alikokaa mkurugenzi wetu, mwalimu mstaafu wa baiolojia ambaye sote tulimwita Mwalimu. Kibondo tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya fundi cherehani. Humo mlikuwa na kobe wawili, kinyonga mmoja aliyepigwa mawe akapona, ndoo ya vyura waliotolewa kwenye mashimo ya matofali, na mimi.

Mwalimu alikuwa mtu mwema kwa wanyama. Sisemi kwa kejeli. Nilimwona akimlisha kobe aliyepasuka gamba kwa kijiko cha chai, kila siku, wiki tatu. Na alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: kila simu ya nyoka itolewe taarifa kwake kwanza, pamoja na picha, yeye amtambue nyoka, ndipo aseme twende au tusiende. Aliyenitangulia Kibondo alikwenda bila kuuliza, akaumwa na kifutu, akakatwa kidole. Kidole hicho nilitajiwa siku ya kwanza ya kazi, na nyingi zilizofuata.

Mama ninayetaka kumzungumzia nilimfahamu Kitahana, siku tulipofundisha kwenye kikao cha wazazi shuleni. Mwalimu alitoa chura kwenye ndoo akauliza nani atamshika. Wanaume walicheka wakarudi nyuma. Yeye alinyoosha viganja viwili, akampokea kama anavyopokea chumvi ya kuazima, akasema, "Ana baridi kuliko mimi." Alikuwa mjane. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi, yeye akakulia huku, akapata uraia, akaolewa na mtu wa Kitahana. Mumewe alipofariki alibaki na nyumba, jiko la nje, na shamba la mihogo na migomba lililoshuka hadi mtoni. Hawakujaliwa mtoto. Niliporudi kule mara ya pili alinipikia maharage, na tukiwa tunakula akaniambia jambo nililopaswa kulishika kuliko yote niliyojifunza chuoni.

"Shemeji yangu huja kila Jumapili kunisalimu," alisema. "Anapiga hodi mlangoni, lakini anatazama shambani. Anangoja nikosee tu, mwanangu. Hata kosa dogo."

Simu yake iliingia Jumatatu, saa mbili asubuhi.

"Nimemfunika," alisema.

"Nani, mama?"

"Inzoka. Yuko jikoni. Nimemwekea beseni langu la kuvundikia mihogo, na jiwe la kusagia juu yake."

"Ana rangi gani?"

"Ya nyoka."

"Mama."

"Kahawia. Mrefu kama mkono. Usoni sikumtazama, hatukuwa na mazungumzo."

Nilimwomba picha. Alicheka. Simu yake ilikuwa kitochi cha kupiga na kupokea. "Nimpige picha na nini, mwiko?"

Nikampigia Mwalimu. Aliuliza picha iko wapi, nikamweleza, akashusha pumzi. Pikipiki ya Kibondo ilikuwa kwa fundi huko Kasulu, akasema, na mimi sikuruhusiwa kwenda kwa bodaboda kumkamata nyoka ambaye hakuna aliyemtambua. "Kidole cha mwenzako unakikumbuka." Kwa maelezo hayo, alisema, huenda ni yule nyoka wa nyumbani, mla panya, asiye na sumu. Ama nyoka afunuliwe aende zake, ama mama asubiri.

Huenda. Neno hilo nilikaa nalo asubuhi yote. Nyoka wa kahawia wa urefu wa mkono anaweza kuwa mla panya. Anaweza pia kuwa swila mchanga. Nikimwambia afunue, na akawa swila, nimemuua mtu kwa simu. Nikimwambia aite majirani wamponde, kesho Kitahana nzima itajua kwamba hata sisi tunaponda, na somo limekufa. Nikimwambia asubiri, hafi mtu wala nyoka. Nilizunguka chumbani, nikaandika njia zote tatu nyuma ya daftari la mahudhurio, nikazisoma, nikachagua ile isiyomdhuru yeyote.

"Subiri, mama. Tunakuja."

Jumanne alipiga mwenyewe. "Mnakuja leo?"

"Kesho, mama. Pikipiki bado."

"Sawa. Ila beseni nalihitaji. Mihogo imemenywa, itaoza."

Nilikuwa nafikiria kitu kingine. Jiko lake lilikuwa la bati na moto uliwaka humo kila siku. "Mama, tangu jana huyo nyoka hajanywa maji. Joto litamuua. Mimina maji kidogo ukingoni mwa beseni, yapenye chini. Usilifunue."

"Nimpe maji?"

"Kidogo tu. Asubuhi na jioni."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilipokata simu nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Niliona nimepata kitu cha kufanya.

Jumatano sikumpigia, kwa kuwa sikuwa na jipya la kumwambia, na nilidhani kumpigia bila jipya ni kumsumbua. Siku hiyo jirani aliyekwenda kuazima moto alimkuta amechuchumaa jikoni, akimimina maji kwa kikombe taratibu kuzunguka beseni. Alimuuliza anafanya nini. Naye, kwa kuwa hakuwa na la kuficha, akamwambia.

Alhamisi asubuhi mwenyekiti wa kijiji alimpigia Mwalimu, si mimi. Alisema kuna mwanamke Kitahana anafuga nyoka na kumnywesha, na anadai ni kikundi chetu kilichomfundisha, na watu wamekusanyika. Kabla ya saa tano Mwalimu alikuwa ameingia Kibondo, juu ya pikipiki iliyokwisha kutengenezwa. Kwa ajili ya mama ilikuwa imeshindikana siku tatu. Kwa ajili ya mwenyekiti iliwezekana asubuhi moja.

"Nitaongea mimi," aliniambia nilipopanda nyuma yake. "Kijiji hiki kikitufungia mlango, na vingine vitafunga."

Mkutano ulikuwa uwanjani kwa mama, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulihamisha beseni. Watu walijaa hadi kwenye migomba. Mama alitoka ndani amevaa kitenge cha kanisani, ameshika bahasha ya nailoni. Akasimama mbele ya watu, akainama kidogo, akapiga makofi mepesi ya kusalimu, kama Waha wanavyosalimiana. Kwa kawaida makofi hayo huitikiwa hata na mtoto anayepita na mbuzi. Siku ile yalilia ya kwake peke yake. Akapiga tena, kana kwamba hawakusikia. Kisha akaacha.

Shemeji yake ndiye aliyeanza. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye kofia safi.

"Ndugu zangu, mimi sina neno baya na shemeji. Marehemu kaka alimpenda, na mnajua kaka yuko wapi sasa." Akarekebisha kofia yake. "Nauliza tu kama mtu asiyesoma. Mimi kuku wangu nawapa maji nikikumbuka. Huyu nyoka anapewa asubuhi na jioni, kama dawa. Ni mgeni, au ni wa ukoo?"

Watu walicheka.

"Muulize anakula nini," mmoja alisema.

"Muulize jina lake."

"Msimcheke," mwanamke mmoja alisema kutoka nyuma. "Mjane naye anahitaji mtu wa kumpikia."

Hapo walicheka zaidi, na niliona mama akitazama kila uso uliocheka, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa.

Mwenyekiti akatuambia tumtoe huyo nyoka. Nilishukuru kupata kazi ya mikono. Niliingia jikoni na fimbo ya ndoano, nikaondoa jiwe, nikainua beseni. Sikuhitaji hata sekunde tano. Mistari miwili myeupe kando ya kichwa, jicho dogo, mwili laini: mla panya. Alikuwa hoi. Nilimwinua akajizungusha kwenye kiganja changu, akatulia. Nilikuwa na furaha, lazima niseme ukweli. Niliona nimeshika jibu la kila kitu. Nikatoka naye uwanjani, nimemshika kwa mkono usio na glavu.

"Mnaona?" nilisema, kwa sauti yangu ya darasani. "Hana sumu. Hata kung'ata hataki. Huyu hula panya tu."

Hakuna aliyecheka. Walirudi nyuma wote kwa pamoja, isipokuwa shemeji.

"Nyoka wa porini ukimshika anang'ata," alisema taratibu. "Huyu amezoea mikono."

"Hapana, ni tabia yake," nilisema. "Nyoka wa aina hii hupenda kukaa kwenye nyumba za watu."

Sauti ilipita kwenye ule umati, ya chini, kama watu wanaoinua mzigo. Nilisikia nilichokuwa nimesema. Nikaongeza kwamba huwa anarudi mahali pale pale, nikimaanisha kwa sababu ya panya, na nilipofika kwenye panya hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Kila sentensi niliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, na kila moja ilimzika mama zaidi.

Mwenyekiti aliinua mkono. Akamgeukia Mwalimu. "Mimi nina swali moja. Kunywesha nyoka, hilo nalo ni somo lenu?"

Mwalimu alivua miwani. "Sisi tunafundisha kufunika na kupiga simu," alisema. "Mambo ya kunywesha hayamo kwenye somo letu. Waulizeni watoto, wanalijua lote."

Ilikuwa kweli. Hayakuwamo. Nilikuwa nimeyaongeza mimi.

Mama alinigeukia. Hakuwa na hasira wala wasiwasi. Alikuwa na uso wa mtu ambaye shahidi wake amefika.

"Mwanangu, si wewe uliyeniambia nimpe maji? Jumanne, kwenye simu."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hadi mahali niliposimama nikimwambia, dirishani, nikitazama cherehani ya jirani. Lakini nilikuwa na nyoka mkononi na watu wote wale mbele yangu, na Mwalimu ananitazama bila miwani, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nilifikiri nikisema ndiyo, watatuweka sote wawili kwenye kundi moja, halafu ni nani atakayebaki wa kumtetea baadaye? Nilijipa sababu hiyo pale pale. Hata leo sijui niliitoa wapi kwa haraka hivyo, mimi ambaye huchukua nusu saa kujibu ujumbe wa salamu.

"Sikumbuki kama nilisema hivyo, mama," nilisema. "Labda hatukusikilizana kwenye simu."

Alinitazama kidogo tu, kisha akatazama kiganja changu, pale nyoka alipokuwa ametulia, na akarudi nyuma hatua moja kama wengine.

Mwenyekiti hakulitaja neno uchawi. Alisema wazi kwamba hapo hakuna aliyelitaja. Alisema tu kwamba kwa ajili ya amani, mama akapumzike kwa dada yake Munanila, na shamba liangaliwe na familia ya marehemu hadi baraza la kata litakapowapatanisha, Alhamisi ya wiki inayofuata.

"Kwa nini aishie Munanila?" mtu aliuliza kutoka kwenye migomba. "Mpaka wa Burundi uko pale pale, avuke kabisa."

Mama alifungua bahasha ya nailoni, akatoa cheti chake cha uraia, akakishika mbele ya kifua. Hakuna aliyeomba kukiona. Alikishika hadi watu walipoanza kuondoka, kisha akakirudisha, akikunja ile nailoni kwa mikunjo yake ya zamani.

Nyoka tulimwachia kwenye vichaka mbali na nyumba. Mwalimu alinipiga picha nikimweka chini, akaniambia nitabasamu, akapiga nyingine.

"Nyoka amepona," alisema akirudisha simu mfukoni. "Na kazi imepona."

"Na mama?"

"Mama ana dada. Nyoka ana sisi tu."

Kesho yake nilichukua bodaboda peke yangu hadi Kitahana. Safari niliyoiogopa siku tatu iliisha kabla sijamaliza kupanga nitakachosema. Mama alikuwa anafunga godoro kwa kamba ya katani. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Radhi sina pa kuiweka, mizigo imejaa," alisema. "Nisikilize. Alhamisi ni baraza la kata. Hapa walikuwa wananicheka, pale kuna watu wazima watano na karani. Njoo useme ulichoniambia kwenye simu. Basi. Ukishindwa kusema, lete karatasi yenye muhuri wenu. Nikiwa na hilo narudi nyumbani kwangu. Nisipokuwa nalo sirudi."

"Nitakuja," nilisema.

Nilikusudia kwenda. Lakini siku zile nilianza kupima kipi kina nguvu, mdomo au karatasi. Mdomo wangu ulikuwa umeshasema sikumbuki mbele ya kijiji kizima. Shemeji angeuliza swali moja tu, uliongopa siku ile au unaongopa leo, nami ningebabaika. Karatasi haibabaiki, nikajiambia. Karatasi yenye muhuri wa ofisi haiwezi kuchekwa. Kadiri nilivyofikiri ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba kwenda bila muhuri ni kumharibia. Jumanne nikapanda basi la Kasulu.

Mwalimu alikuwa kwenye semina, akitarajiwa Jumatano. Jumatano hakurudi. Nilikaa kwenye duka la kuchapa karibu na stendi nikiirekebisha barua. Aya ya kwanza ilikuwa ngumu sana, kisha ya pili ikawa ndefu sana. Dada wa duka aliniuliza kama ni barua ya mapenzi. Alhamisi, badala ya kupanda basi la alfajiri kurudi Kibondo, nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi, kwa kuwa waliniambia anaingia muda wowote. Aliingia saa saba, akapita kula, akaniita ndani yapata saa kumi.

Aliisoma yote, na kalamu nyekundu mkononi. Akasahihisha mahali pawili.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama ya juu." Akaikunja, akanirudishia. "Muhuri hapana."

Wiki iliyofuata mkataba wangu ulirefushwa.

Nilikwenda Munanila baada ya wiki mbili, na ile barua ndani ya bahasha ya kaki. Nilikuwa nimeisaini mwenyewe kwa jina langu kamili. Dada yake mama alikuwa uani akipeta maharage, na nilipojitambulisha hakuinuka.

"Ndiye binti wa nyoka?" alisema, akimwambia mtu aliye ndani. "Mleteeni maji. Hawa hawapendi kumwona kiumbe ana kiu."

Mama alitoka. Alikuwa amekonda, na jembe lilikuwa mkononi kwa kuwa alikuwa anaelekea kulima vibarua. Nilimpa barua kwa mikono miwili. Aliketi kwenye kinu kilicholala, akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Mimi nilisimama. Hakuna aliyenipa kigoda.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Hapa umesema uliniambia nimpe maji."

"Ndiyo, mama."

"Ile ya kwamba hukumbuki haimo."

"Haimo."

Alitikisa kichwa, bila kulaumu, kama anayekagua kitu sokoni. "Baraza waliniuliza shahidi wako wapi. Nikawaambia yuko njiani. Nikawaambia ni mtu aliyesoma, anafikiri kwanza ndipo afanye, wampe muda. Shemeji mwenyewe akasema haki itendeke, tumsubiri. Tukasubiri. Jua lilipokuwa kali shemeji akaninunulia soda. Ilipofika saa tisa karani akasema ana safari. Nikatia sahihi kuwaachia shamba."

"Mama, siku ile nilikuwa Kasulu," nilisema. "Nilikuwa nafuata muhuri."

Aliigeuza barua akaitazama nyuma, kisha akaigeuza tena mbele, chini, kwenye jina langu.

"Mbona siuoni?" aliuliza.